Mahudhurio Chini ya Mikaratusi

Mwalimu alikuwa na tabia ya kuita mahudhurio mahali ambapo hapakuwa na mtu. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo watu wanaloniuliza kwanza, na nikilichelewesha nitaonekana nalificha. Siku za Ijumaa, ukungu wa asubuhi ukiwa haujainuka bondeni, alishuka mpaka kwenye chemchemi, akasimama katikati ya mikaratusi, akaweka mikono nyuma, akaanza kuita majina. Jina, kimya kidogo, jina lingine. Aliita kwa kichwa, hakushika karatasi. Na katika kile kimya kidogo, mti ulilia. Mkaratusi hulia hata upepo ukiwa haba, tawi likisuguana na tawi, hilo najua. Naandika tu kwamba ulilia pale palipotakiwa jibu.

Mimi ni fundi baiskeli. Kibanda changu kiko pale njia ya shule inapoachana na barabara ya Kasulu kwenda Kibondo. Shule niliishia darasa la saba. Kuandika naandika jioni, kwa mazoea tu, mambo ya siku: nani kapita, mvua imekuja au imetudanganya. Sina hakika kama mtu wa aina yangu anaweza kumweleza mtu wa aina yake. Nitajitahidi nisimwongezee wala nisimpunguzie. Jina lake sitaliandika. Kwetu alikuwa Mwalimu, basi. Hata walimu wenzake walimwita hivyo, kana kwamba wao walikuwa wanafanya kazi nyingine.

Baiskeli yake ilikuwa nyeusi, ndefu, na ilikuwa na kilio ambacho sikuwahi kukitibu. Nilibana spoki, nikabadilisha friwili, nikaitia grisi kila mahali panapoingia grisi.

"Fundi, bado inalia."

"Inalia wapi, Mwalimu?"

"Ningejua inalia wapi, fundi ningekuwa mimi."

Kisha alikaa kwenye benchi langu kungoja. Hakukaa katikati wala mwisho. Aliacha nafasi ya mtu mmoja upande wake wa kulia, siku zote, hata benchi likiwa limejaa na wengine wamesimama. Siku moja mteja alitaka kukaa pale, Mwalimu akamwambia kwa adabu kabisa, "Samahani, kuna mtu." Yule mteja alicheka. Alipoona mwenzake hacheki, alikwenda kusimama juani. Mimi nilimuuliza Mwalimu ni mtu gani huyo. Akasema, "Sijui, Fundi. Lakini akija akute pamejaa, atakwenda wapi?" Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi na bado sijaamua kama ulikuwa utani.

Maana utani aliupenda. Hakuwa mtu wa huku, alitoka nchi kame, upande wa katikati, na Kiha chake kilikuwa cha kuokoteza. Lakini salamu zetu za kupiga makofi alizipenda mno. Aliinama, akapiga makofi, "Mwakeye," kwa wazee, kwa watoto, mpaka kwa mbuzi wa mama yangu. Mama alisema, "Mwalimu, yule ni mbuzi." Akajibu, "Najua mama, ila ameniangalia."

Kuhusu miti, ilikuwa hivi. Shule ya kata ilipofunguliwa, miche ya mikaratusi ililetwa na gari la ofisi fulani, bure, na kila mtu akaambiwa apande. Kwingine iliachwa ikafia kwenye viriba. Mwalimu aliwapeleka wanafunzi wa darasa la kwanza kabisa la shule ile kwenye chemchemi, akampa kila mmoja mche wake, na mche ukachukua jina la mtoto. Alisema mtoto hawezi kuacha kitu chenye jina lake kife. Naye alipanda wake, karibu kabisa na jicho la maji. Mdogo wangu Yoramu alipanda ubavuni mwake. Mimi ndiye niliyemlea Yoramu baba alipofariki, kwa hiyo mti ule niliuona kama wangu.

Haukufa hata mmoja. Wakati wa kiangazi watoto waliinywesha kwa makopo, na mama zao nao wakasaidia. Walipofika kidato cha nne, miti ilikuwa imepita paa la kanisa. Na majina yalibaki. Mtu alisema, "Nimeanika nguo kwa Filbert," au, "Nyoka kaingia kwa Yoramu," na hakuna aliyeshangaa. Kina mama wakipita waliigusa miti ya wanao. Mwanzoni waliisalimia kwa mzaha. Sikumbuki mzaha uliisha lini.

Mle ndani palikuwa na ubaridi wake. Saa sita mchana, jua likichoma barabarani, ukiingia chini ya mikaratusi unasikia kama umeingia nyumba ya watu waliokuwa wanazungumza wakanyamaza. Ndege hawakukaa mle. Skola, msichana nitakayemtaja sasa hivi, alinieleza kwamba ndege hawali chochote kwenye mikaratusi, ndiyo maana. Naamini alisema kweli. Lakini hata hivyo nilipita haraka.

Jambo moja Mwalimu hakulisamehe darasani: kumjibia mwenzako. Walimu wengine walitaka watoto waitike kwa Kiingereza, yeye alitaka "Nipo," na alitaka itoke kwenye mdomo wa mwenye jina. Ukimjibia rafiki yako mtoro, adhabu ilikuwa kuchota maji chemchemini mpaka pipa la jikoni lijae. Hakupiga. Alisema tu, "Ukimjibia asiyekuwepo, hakuna atakayekwenda kumtafuta." Yoramu alichota sana maji yale, kwa kuwa alikuwa na marafiki wengi watoro.

Yoramu alipomaliza shule alikwenda machimboni, upande wa Geita. Alipiga simu kwa muda, akituuliza hali ya mama na hali ya mti. Kisha namba ikawa haipatikani. Nilimtuma mtu, nikaenda mwenyewe, nikarudi bila habari mbaya wala nzuri. Tangu hapo mama alishuka kila asubuhi, akaweka kiganja kwenye shina. Akirudi alisema, "Ana joto." Mti uliopigwa na jua huwa na joto, nilimwambia. Akasema, "Asubuhi yote hii, jua gani?"

Mwaka elfu mbili na kumi na tatu Mwalimu aliwapa kidato cha tatu kazi ya utafiti. Aliwaambia waache vitabu, waende kuuliza watu: katika mazingira haya yetu, nani anafaidi na nani anaumia? Wengi waliandika juu ya moto wa misituni na takataka za sokoni. Skola aliandika juu ya maji.

Skola alikuwa wa Bondeni, kitongoji kilicho chini ya chemchemi. Watu wa Bondeni walikuwa wanywaji wa mwisho wa mfereji, na watoto wao wachache sana walifika sekondari. Katika lile darasa la kwanza hakuwemo hata mmoja. Kwa hiyo Bondeni haikuwa na jina hata moja kwenye mikaratusi. Skola alikuwa mwembamba, mkali kidogo, na alipokuja kujaza upepo alikuwa akiniuliza maswali mpaka nasahau pampu.

"Fundi, baiskeli za kina mama wa Bondeni zinavunjika nini?"

"Keria. Na spoki za nyuma."

"Kwa nini za nyuma?"

"Si madumu hayo! Wanafuata maji mto wa mbali."

"Na zamani?"

"Zamani hawakuwa na haja ya baiskeli. Walichota kwa ndoo."

Aliliandika hilo kwenye daftari. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetengeneza keria zile mwaka mzima bila kujiuliza.

Kupima maji, walipima kwa wimbo. Saa ya mkononi hawakuwa nayo, na simu zilikatazwa shuleni, hivyo Mwalimu aliwachagulia wimbo wa kupalilia maharage, wenye mwendo usiobadilika. Ndoo ilitegwa kwenye bomba la mwanzi, kundi likaimba, wakaangalia ndoo imejaa kwenye ubeti gani. Wakati wa masika ilijaa kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Baadaye ubeti wa pili. Walikwenda pia chemchemi ya pili, ng'ambo ya kilima, isiyokuwa na mikaratusi, wakaimba wimbo uleule, na kule ndoo ilijaa ubeti wa kwanza kiangazi chote. Kwetu wimbo ulizidi kurefuka. Asubuhi za ukungu nilikuwa nafungua kibanda nawasikia huko chini, wanamaliza, wanaanza tena, sauti zao zimechoka, na ndoo haijajaa.

Kuna watu walisema waliusikia wimbo ule siku ambazo wanafunzi wote walikuwa darasani. Mama yangu ni mmoja wao. Skola alisema ni mwangwi wa shule. Mimi sikuusikia, kwa hiyo siwezi kumkanusha yeyote.

Skola alipompelekea Mwalimu matokeo, nilikuwepo, kwa sababu ilikuwa kwenye benchi langu. Alimweleza taratibu kwamba mikaratusi ndiyo inayokunywa maji ya Bondeni. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja tu, kama wimbo uliimbwa kwa mwendo uleule pande zote mbili. Skola akasema ndiyo. Mwalimu akageukia ile nafasi tupu ya kulia kwake, akaiangalia muda mrefu, kama mtu anayengoja mwenzake naye aseme neno. Kisha akasema, "Kwetu mti ulikuwa ndio maji. Sikujua kwamba kuna nchi ambako mti ni kiu." Akasimama, akakokota baiskeli yake badala ya kuipanda, na kilio chake nilikisikia mpaka alipofika kona ya shule.

Mkutano wa kijiji ulifanyika shuleni. Mwalimu alisimama akasema mbele ya watu wote kwamba kosa ni lake, kwamba miti ile ilikuwa mema yaliyokosea mahali, na kwamba ikatwe. Hapo ndipo tulipogundua tumefungwa na nini. Miezi michache kabla, dhoruba iliangusha mti mmoja, ule wa Filbert, na wiki ileile ikaja habari kutoka Kasulu kwamba Filbert kagongwa akiwa kwenye pikipiki, amefariki. Lazima niseme kwamba dhoruba ile iliezua mapaa mengi na wenye nyumba zao wako hai. Lazima niseme pia kwamba hakuna aliyejua kipi kilitangulia, mti au Filbert.

Mama yangu alisimama. "Mwalimu, weye ndiye uliyetuambia mti ni mtoto. Leo unatuletea shoka?"

Mama yake Skola alijibu kutoka nyuma, hakungoja ruhusa. "Mama Yoramu, mwanao ana mti. Wangu ana ndoo kichwani. Yupi ana shingo?"

Watu walicheka, halafu wakaona si la kuchekwa. Wengine walipiga kelele kwamba Bondeni wanataka kuua watoto wa watu, Bondeni wakasema watoto wa watu ndio wanaowaua wao. Skola alisimama akataka kusoma matokeo yake, hakuna aliyemsikiliza. Alikaa chini analia kwa hasira, na Mwalimu akamwambia, nilisikia, "Usilie. Umeuliza nani anaumia. Sasa umewaona."

Dawa aliitoa Mwalimu, na sijui kama aliipata mahali au aliitunga pale pale. Alisema kila mwenye jina aje ajitoe mwenyewe kwenye mti wake. Ataitwa, ataitika "Nipo" akiwa amesimama mbali na shina, watu wote wamesikia, na hapo mti utabaki mti. Mama zao walitazamana. Mmoja akasema hiyo anaiweza. Basi ikawa.

Walikuja kwa wiki kadhaa. Wauza duka, mwalimu wa chekechea, mchungaji mmoja aliyetaka kwanza aombe na akaomba mpaka shoka likapoa. Walio mbali waliitwa kwa simu, spika imefunguliwa, simu imeshikwa juu hewani watu wote waisikie. Mmoja alikuwa askari mkoa mwingine.

"Mwalimu, niko zamu, fanya haraka."

"Sema nipo."

"Nipo Mwalimu, kwani kuna nini?"

"Tunakukata."

"Mnanini?"

Tulicheka siku ile. Lakini miti ilivyopungua, kicheko nacho kilipungua, maana majina yalisikika wazi zaidi. Mwangwi wa ng'ambo, uliokuwa umezuiwa na majani, ulianza kurudisha kila jina, umechelewa kidogo, kwa sauti isiyofanana sana na ya aliyeita.

Ilipofika zamu ya Yoramu, Mwalimu alipiga ile namba ya zamani mwenyewe. Tulisikia yule mwanamke wa mtandao akisema haipatikani kwa sasa. Mwalimu hakukata simu. Akaita, "Yoramu." Kimya. "Yoramu." Mti ukalia.

"Ameitika!" mama alisema.

"Ameitika wapi, mama?" mtu akamuuliza.

Wote walimgeukia Mwalimu. Angeweza kusema ndiyo, shoka likafanya kazi, Bondeni wakanywa. Nilimwona Skola amekaza macho kwake. Alisema, "Mimi sikusikia nipo." Mti wa Yoramu ukaachwa. Na wa kwake mwenyewe, uliokuwa ubavuni, akasema ungoje, atakuwa wa mwisho. Hakuna aliyethubutu kumwita Mwalimu kwa jina lake hata hivyo. Mwisho wa mwaka alistaafu, akahamia Kibondo, na miti miwili ikabaki.

Hapo sikumwelewa, na nilimwandika vibaya jioni ile. Mtu aliyekiri kosa mbele ya kijiji, kwa nini aache mti wake? Watu wa Bondeni walisema wakubwa ni walewale.

Maji yalirudi, yakatosha msimu mmoja. Kiangazi cha elfu mbili na kumi na tano yakaanza tena kupungua, kwa kuwa miti ile miwili ilikuwa imeingiza mizizi kwenye jicho lenyewe. Mama yake Skola alianguka na dumu kwenye mteremko wa mto wa mbali, akalala ndani muda mrefu. Skola, ambaye alikuwa amemaliza shule, alikuja kibandani kwangu. Hakuuliza maswali.

"Kaka fundi, mvua zikianza miti ile miwili haijakatwa, mizizi itaziba jicho, hakuna tena chemchemi."

"Mama amekaa chini ya mti, hainuki. Nimkate na yeye?"

"Sijasema hivyo. Nimekuja kwako kwa sababu nawe una mama."

Nilimpelekea mama maneno hayo kama yalivyo. Akanyoosha mkono, akabandua kipande cha ganda kwenye mti wa Yoramu, akabandua kingine kwenye mti wa Mwalimu, akafunga vyote kwenye kanga. "Mpelekee Mwalimu. Aliyeita ndiye anayejua kama ameitikiwa. Akisema ukatwe, nitainuka."

Barabara ya Kibondo siku zile ilikuwa imejaa mabasi na malori ya watu wa Burundi wanaopelekwa kambi ya wakimbizi ya Nduta, watoto wamelala juu ya magodoro. Nilikwenda kwa baiskeli. Nilinunua kwanza spoki na viraka kwenye duka la mzee mmoja wa Kiislamu pale mjini, nikamuuliza kama anamjua Mwalimu. "Yule wa kuita majina?" akasema. Nilishtuka. Akanieleza kwamba Mwalimu anajitolea Nduta kwa wale waliopotezana na ndugu zao njiani. Anapewa majina, anazunguka na kipaza sauti, anaita. Jioni anakunywa chai pale kwa mama muuza chai nyuma ya soko.

Nilimkuta. Alikuwa amekonda, shati limemkaa kama la kuazima, na sauti ilikuwa imekwisha kwa kuita, imebaki mkwaruzo. Alikuwa amekaa kwenye benchi, ameacha nafasi kulia kwake.

"Fundi. Nimekusikia tangu kule. Sasa baiskeli yako ndiyo inalia?"

"Itakuwa imeambukizwa, Mwalimu."

Alipiga makofi ya salamu, nami nikapiga. Nilitaka kukaa kushoto. Akagusa ile nafasi. "Kaa hapa." Nikakaa.

Nilimweleza yote: mvua, mama yake Skola, mama yangu. Nikafungua kanga. Alivitazama vipande vile viwili.

"Mimi ni kipi?"

"Sijui. Mama hakuweka alama."

Alinusa kimoja, akanusa cha pili, akachukua kimoja bila kusita. "Huu wangu niliuacha makusudi," alisema. "Nilisema, huyu mtoto asisimame peke yake kwenye uwazi ule. Nikasahau kwamba hata kumsindikiza mtu kunakunywa maji ya watu." Kisha akasema, "Niite, Fundi. Kwa jina."

Jina lake nililijua. Lilikuwa limechongwa kwa msumari chini ya fremu ya baiskeli yake, mahali anapopaona fundi tu. Nililisema mara moja. Aliketi wima, mikono magotini, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Nipo."

Akakiweka kipande kile kwenye jiko la mama wa chai. Kikashika moto haraka, na harufu ya mkaratusi ikajaa pale. Akachukua cha pili, akaweka mikono nyuma akiwa nacho, akasimama. Mama wa chai aliacha kumimina.

"Yoramu," aliita, kwa ule mkwaruzo wake. Kimya kidogo. "Yoramu."

Sokoni palikuwa na kelele dakika ile, najua palikuwa na kelele. Sikuzisikia.

"Nipo, Mwalimu."

Mdomo uliofunguka ulikuwa wake, niliuona. Lakini mkwaruzo haukuwemo kwenye sauti ile. Labda mtu akisema neno dogo hawezi kukwaruza. Labda. Nilimuuliza mama wa chai baadaye amesikia nini, akaniambia yeye ana wateja, hataki mambo.

Mwalimu alikaa. "Nimemjibia asiyekuwepo," alisema. "Miaka yote ile nimekataza, nikamalizia na hili. Mwambie mama yako sijamzika. Kule Nduta nimeona watu wanaitwa leo, kimya, wanaitwa kesho, kimya, wiki ya pili mtu anatokea nyuma ya hema anasema mbona mimi niko hapa. Yoramu nimemshikia nafasi tu. Akija, ataitika mwenyewe." Kisha akajaribu kucheka. "Adhabu yangu unaijua."

"Kuchota maji mpaka pipa lijae."

"Basi niwekee ndoo kwenye foleni. Nitakuja."

Mama alipoyasikia hayo aliinuka, kama alivyoahidi. Alishika shina mara ya mwisho, hakusema kama lina joto. Miti ikakatwa, kabla ya mvua. Kisiki cha Yoramu kimechipua, na mama huyavunja machipukizi kwa mkono wake mwenyewe, akiyasemesha maneno ambayo huwa sisogei karibu kuyasikia. Kisiki cha Mwalimu hakijachipua. Kilikatwa chini zaidi, huenda ni hilo.

Maji ya Bondeni yapo. Si kama ya zamani, ila yapo, na mama yake Skola huchota amekaa kwenye kigoda. Habari za Yoramu hakuna. Mwalimu hajaja, na namba yake sasa nayo haipatikani. Watu wanaotoka Kibondo, mmoja husema alimwona, mwingine husema aliyemwona hakumwona vizuri.

Ndoo yake niliiweka kwenye foleni, ya bluu, imepasuka ukingo. Wanawake wa Bondeni huisogeza pamoja na zao, hawairuki. Ikifika mbele, Skola husimama, huita, "Mwalimu!" Hungoja kidogo. Kisha huirudisha nyuma ya foleni, zamu ianze upya. Nimekwenda asubuhi kadhaa kusikiliza. Mikaratusi haipo tena ya kulia, na ng'ambo haijibu siku ya ukungu. Katika kile kimya kidogo ni maji tu yanayosikika, na yanasikika pale palipotakiwa jibu.